Ushauri: mgeni anayekaa kwetu kumbe alikuwa mmisionari wa Mormoni, na chai ya mama haigusi

MtotoWaJangombe

Asalaam alaykum, na wasio Waislamu khabari zenu. Nnaomba ushauri, na nnaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia maana nakujueni.

Kwetu tunapokea wanafunzi wa kigeni wanaokuja kusoma Kiswahili pale SUZA, chuo kikuu chetu hapa Zanzibar, wanakaa na familia miezi miwili mitatu ili lugha iwaingie. Tokea baba yetu atangulie mbele ya haki hii ndo inayolipa umeme na nauli za skuli za wadogo zangu, kwa hiyo si jambo la kuchezea. Tushakaa na Mjerumani, Mkorea, na dada mmoja wa Kipolandi aliyekuwa akiona pweza anatoka jikoni mbio. Wote waliondoka kwa kheri.

Huyu wa sasa ni kijana wa Kimarekani, miaka 22, kwao jimbo la Utah. Kiswahili alikuja nacho, ila Kiswahili chenyewe cha Nairobi. Siku ya kwanza kamwambia bibi yangu "niaje", bibi akanigeukia akaniuliza anataka nini huyu mtoto. Wallahi adabu anayo, anafua nguo zake mwenyewe kwa mkono, saa 12 na nusu asubuhi yuko macho kama askari, pombe hajui sigara hajui. Shida ilianza kwenye chai.

Mama yangu chai yake ndo salamu yake. Iliki, mdalasini, tangawizi, maziwa, anaianza usiku kuifikiria. Mgeni anakula mkate wa kumimina wote, anasema mashallah (neno hilo kalipenda), kikombe kimekaa pale pale mpaka chai inafanya utando. Siku ya kwanza tukasema imemchoma. Ya pili mama akapunguza tangawizi. Ya tatu hakuuliza tena, na mama yangu akiacha kuuliza jambo mjue limemuingia. Halafu ikaja Jumapili moja hakula asubuhi wala mchana, anasema tu "asante mama, nimeshukuru", mama akaingia chumbani akafunga mlango. Na kahawa vilevile, nlimpeleka Jaws Corner, baraza ya kahawa kule Mji Mkongwe, akakaa na kikombe mkononi mpaka kikapoa kisha akampa mzee wa pembeni yake, yule mzee akafurahi lakini mie nliona haya.

Sasa hapa ndo penye kosa langu. Mie nlikuwa najua sababu. Wiki ya kwanza tu tuko juu tunaanua nguo alinambia mwenyewe kwamba alikuwa mmisionari miaka miwili Nairobi, kanisa lao watu wanaliita Mormoni, na chai na kahawa kwao ni katazo. Nikamwambia basi liishie hapa hapa, usimwambie mtu. Akaniuliza kwani nimefanya kosa? Nikamwambia hujafanya, ila mtaa huu utakuchosha.

Na hadithi zake usiku zilikuwa zinanichekesha sana ndo maana sikuona ubaya. Anasema alipewa barua tu ya kumwambia nenda Kenya, hukuchagua wewe. Ukifika unapewa mwenza, mnakula pamoja, mnalala chumba kimoja, mnatembea pamoja, huruhusiwi kwenda mahali peke yako, na huyo mwenza hukumchagua pia, baada ya wiki kadhaa mnabadilishwa. Mmoja aliyekaa naye alikuwa anakoroma na hamna pa kukimbilia. Jumatatu ndo siku ya kufua na kuandika barua na kumpigia mama yake, mara moja kwa wiki basi. Siku zilobaki ni miguu tu, jua na vumbi mpaka usiku. Na akiwa na miaka 19 watu wanamwita Elder, maana yake Mzee, kibati cheusi cha jina kifuani.

Kufundisha sasa. Anasema mwanzo alikuwa anadhani kila anayemwambia "karibu kesho" anamaanisha kesho. Anakwenda kesho kweli, kapiga pasi shati, mtoto anatoka nje anasema mama kasema hayupo. Ilimchukua miezi kuelewa kwamba mtu wa huku hakwambii hapana usoni. Siku moja anamfariji mzee mmoja aliyefiwa, anataka kusema Mungu amekusamehe, akasema Mungu amekusahau. Mzee akanyamaza kidogo, akamwambia mwanangu hilo nlikuwa nalijua. Anasema hakulala siku ile.

Basi wiki mbili nyuma mdogo wangu kafagia chumba chake kaokota kile kibati, kaenda kukichezea barazani. Ami yangu kafanya kazi meli miaka mingi, Kiingereza anakisoma, kaona jina la Yesu Kristo herufi kubwa, kaja juu. Na ubaya zaidi, wakati huo huo mgeni alikuwa ashaanza kuwasaidia watoto homuweki za Kiingereza, mwanzo wadogo zangu wawili, kisha wakafika tisa, na akanambia anataka kufungua darasa la bure siku tatu kwa wiki. Ami anasema ndo mbinu zenyewe hizo, anataka mgeni atoke kabla ya Ramadhani. Mama yeye hana neno na dini ya mtu, ananiuliza mie kwa nini nimemficha. Niseme nini, na lile darasa nifanyeje?

Kijana_wa_Darajani

mzee wa miaka 19 hahaha mimi nna 34 naitwa dogo

UmmuSalma

Mwanangu mie nakwambia kama mama. Hapo kosa la mzungu silioni, kosa lako. Mama yako wiki zote hizo anajiuliza chai yake ina nini, anapunguza tangawizi anaongeza sukari, na wewe umekaa unamtizama na jawabu unalo mdomoni. Mtu akija kwangu hagusi kitu nimempikia mie ntalala na moyo mzito. Nenda kamwambie leo, si kesho, na umwambie peke yake ami yako asiwepo.

KaskaziniPemba

Mie nipo na ami. Mnachekacheka hapa na hadithi za kukoroma. Mtu kafunzwa miaka miwili kazi ya kugonga milango ya watu, leo anakuja kukusanya watoto tisa wa Kiislamu barazani bure bure, na nyinyi mnasema ana adabu. Aliyekuja na ubaya atakuja na utovu wa adabu? Aage, atafutiwe nyumba nyengine.

DadaWaUbungo

Habari zenu jamani, nipo Dar, mimi mwenyewe ni muumini wa hilo kanisa kwa hiyo naomba niseme kidogo, na sitaki kumbadilisha mtu humu. Jina letu kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Mormoni ni jina la kitabu, watu wamelizoea tu. Umisionari kwetu una mwanzo na mwisho, mvulana anatumikia miezi 24, halipwi mshahara, yeye na familia yake ndio wanaochangia gharama, na siku akirudi nyumbani anapumzishwa rasmi na kile kibati anakivua. Kwa hiyo huyo kijana sasa hivi ni mwanafunzi kama wanafunzi wengine. Kibati wengi wanakitunza kama kumbukumbu, hata kaka yangu anacho kwenye droo.

Chai sasa kaka. Kuna kitu tunaita Neno la Hekima, la mwaka 1833, pombe, tumbaku, kahawa na chai hatutumii. Lakini chai inayokatazwa ni ile ya majani ya chai yenyewe. Tangawizi, mdalasini, mchaichai, iliki, karafuu, hivyo vyote anakunywa! Yaani huyo kijana amekaa kwenye kisiwa cha viungo anaona aibu kumwomba mama atoe majani tu. Na hiyo Jumapili nina hakika ilikuwa ya kwanza ya mwezi, tunafunga siku hiyo, milo miwili hatuli na maji hatunywi.

Kijana_wa_Darajani

soda je? maana nimeona wazungu hao wanapiga koka balaa

DadaWaUbungo

Soda ruksa kaka, hapo ndipo wengi wanapotucheka.

mwl_mstaafu

Vijana, wamisionari kuja Unguja kusoma Kiswahili si habari mpya. Krapf alipita hapa Januari 1844, na Sayyid Said mwenyewe akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani, akaenda kuanza kazi Mombasa na Rabai. Steere kaja 1864, akakaa hapa akajifunza lugha kwa watu wa mji huu, kitabu chake cha sarufi kikatoka 1870, ndiye huyo wa kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Hao walikuja kuhubiri na walisema wazi, na wenyeji walijua wanasema na nani. Wakafundishwa lugha na dini haikwenda popote. Kwa hiyo ndugu yangu wa Pemba punguza moto kidogo.

Lakini na wewe wa Jang'ombe usijifanye darasa ni jambo dogo. Mgeni huyu kibali chake ni cha masomo. Kufundisha, hata bure, kunataka kibali kingine, na atakayeulizwa wa kwanza ni mwenye nyumba. Sheha, kiongozi wa mtaa wenu, anajua mgeni wako anakaa hapo? Alipofika ulimpeleka? Kama hukumpeleka mpeleke sasa, na ami yako aende na nyinyi, maana akiwa ndani ya jambo hawezi kulisema kutoka nje.

KaskaziniPemba

Sawa mwalimu, kihistoria nimekuelewa. Bado watoto wa watu ni watoto wa watu. Wazazi wa hao saba wengine wameulizwa?

MtotoWaJangombe

Hawajaulizwa. Walikuja tu na madaftari, mmoja akamleta mwenzake. Hapo una haki.

Kwa sheha alipelekwa siku ya pili, jina lipo, ila neno la umisionari halikutajwa maana nliona ashamaliza.

Bi UmmuSalma nimekusikia. Ntamwambia leo baada ya isha.

UmmuSalma

Baada ya isha mama yako kachoka. Mwambie sasa hivi akiwa jikoni.

MtotoWaJangombe

Nimerudi, samahanini siku nne sikuingia humu, bando lilikata na mambo yalikuwa mengi.

Nlimwambia jikoni kama alivyosema bi mkubwa hapo juu. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna. Nikamaliza yote, kanisa, Nairobi, majani ya chai, na kwamba mie nlijua. Nlingojea anitukane. Akaniuliza kitu kimoja tu, ile Jumapili alikuwa kafunga? Nikasema ndio. Akasema mtoto kafunga na mie nimemnunia. Akaendelea na nazi yake, mie hakunitizama na mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja, hilo nimestahiki.

Asubuhi yake kapeleka mtoto akakate mchaichai kwa jirani. Kauchemsha na tangawizi na mdalasini, kaweka kwenye birika lile la wageni, katia mbele ya mgeni, kasimama. Jamaa akanusa, akanitizama mie, nikamwambia haina majani. Alikunywa vikombe vitatu jamani. Mama akasema kumbe anajua kunywa, akarudi jikoni.

Kwa sheha tulikwenda watatu, mie, ami na yeye. Hapo mgeni alinishinda. Kabla sijafungua mdomo yeye mwenyewe kasema, tena kwa Kiswahili cha kwetu, "nilikuwa mmisionari, sasa mimi ni mwanafunzi, na hapa sikuja kumfundisha mtu dini". Sheha kamuuliza masuala ya kwake, kaandika, kasema darasa hapana, akitaka kusomesha afate kibali, homuweki za watoto wa nyumba anayokaa si darasa. Wale saba nimewarudisha kwa wazazi wao mwenyewe nyumba kwa nyumba, nikasikia maneno, wawili wazazi wao wamekasirika kwa nini nimewatoa, hilo sikulitegemea.

Sasa imegeuka, watoto ndo wanamsomesha yeye. Akisema "niaje" anatozwa peremende. Bibi ndo anakusanya, na hana meno.

Ramadhani ikifika anataka kufunga na sisi siku ya kwanza. Mama kasema atamuamsha daku. Mie nimemwambia asubiri kwanza alione jua la saa tisa.

DadaWaUbungo

Nimefurahi sana kaka. Mpe salamu, mwambie Ubungo kuna watu.

Kijana_wa_Darajani

mlete jaws corner tena, mwambie muuza kahawa anauza na tangawizi tupu, mie nalipa

KaskaziniPemba

Kheri. Na ami kasemaje?

MtotoWaJangombe

Ami salamu anaitikia. Ndani hajaingia, anaishia barazani.

UmmuSalma

Na kile kibati mmemrejeshea mwenyewe?

MtotoWaJangombe

Kibati anacho ami mpaka leo, mfukoni mwa koti lake. Mgeni hajakidai, na mie sijui nianze vipi kukiomba.