Ada ya chuo kikuu binafsi: kati ya punguzo, awamu, mkopo na kuhamisha krediti, kipi kinaokoa zaidi?

Wino
Wadau, naomba tulinganishe njia hizi nne kwa miaka yote minne ya shahada. Muhula wa kwanza ndio unaopambwa kwenye vipeperushi, ilhali wanaokwama wengi wanakwamia mbele.

Mizania
Nianze na punguzo. Soma barua: wameandika asilimia au kiasi maalumu? Tuseme ada ni 100 kwa mwaka na punguzo ni 30. Mwaka wa kwanza utalipa 70 kwa vyovyote. Ada ikipanda 6% kila mwaka, mwaka wa nne itakuwa 119.1. Mwenye asilimia atalipa 83.4, mwenye kiasi maalumu 89.1. Kisha tazama sharti la wastani wa alama. Likipimwa kila muhula, muhula mmoja mbaya unafuta kila kitu. Omba lipimwe kwa mwaka mzima, na uombe kabla ya kusaini.

Kwa haki zaidi, napendelea ruzuku inayotazama uwezo wa familia. Princeton, ambacho ni chuo binafsi cha Marekani, mwaka 2001 kiliondoa mikopo kwenye msaada wake kikaweka ruzuku zisizorudishwa. Kina mfuko mkubwa wa akiba, ndiyo maana kimeweza. Chuo kinachoishi kwa ada pekee kinampunguzia mmoja kwa fedha ya mwenzake.

Kete
Awamu nazo si msaada wa bure, ikiwa anayelipa yote mwanzoni anapunguziwa 5%. Ada ni 100: ama utoe 95 leo, ama 25 leo na 25 kila mwezi kwa miezi mitatu. Ukichagua awamu, ni kama chuo kimekukopesha 70 nawe unarudisha 75. Hiyo ni riba inayozidi 3.5% kwa mwezi, maana deni linapungua kila unapolipa! Ukipata mkopo wa 1% kwa mwezi kwenye chama cha akiba, kopa huko ulipe mara moja. Kama punguzo hilo halipo, chukua awamu bila kusita, ila hakikisha ya mwisho inaangukia kabla ya usajili wa mitihani. Kuzuiwa mtihani kunaumiza kuliko faini, kwa sababu kozi unairudia na kuilipia upya.

Salio
Kwenye mkopo, uliza riba inakokotolewa juu ya nini. Kopa 1,200 kwa 12%, ulipe kwa miezi 12. Ikipigwa juu ya mkopo wa mwanzo, riba ni 144. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, ni kama 79. Mikataba yote miwili imeandikwa 12%.

Wino
Mkuu Salio, na ile ya kukatwa asilimia ya mapato baada ya kuhitimu?

Salio
Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilijaribu hilo mwaka 1971. Kwa kila dola 1,000 alizokopa, mhitimu alikatwa 0.4% ya mapato kila mwaka hadi kundi zima la waliokopa pamoja naye limalize deni au ipite miaka 35 ya kulipa. Kosa lilikuwa hapo kwenye kundi: wengine wakiacha kulipa, mzigo unabaki kwa waaminifu. Kufikia 1978 hawakuandikisha wapya. Mkataba wa namna hii ukubali tu kama deni ni lako peke yako, una ukomo wa jumla utakayolipa, na una kiwango cha mapato ambacho chini yake hukatwi.

Ngazi
Mimi nasimamia kuhamisha krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi ulizofaulu: unaanzia chuo cha bei nafuu, kisha unahamia nazo. Shahada ya krediti 120, ukisoma 60 za mwanzo kwenye chuo cha nusu bei, umeokoa robo ya ada yote. Hakuna punguzo la kawaida linaloleta hivyo bila masharti ya alama.

Panapoharibika ni kwenye kupokelewa. Chuo kinaweza kukubali krediti zako zote 60, lakini 20 zikaingizwa kama kozi za hiari, hazihesabiki kwenye fani yako. Hizo utazisoma tena kwa bei kamili, na robo uliyookoa inashuka hadi chini ya asilimia 10. Au unakuta kozi moja ya utangulizi hufundishwa mara moja kwa mwaka, basi unangoja.

Kwa hiyo, kabla ya kujisajili chuo cha kwanza, peleka muhtasari wa kila kozi kwa idara ya chuo unachokusudia kuhamia, siyo ofisi ya udahili. Omba jibu la maandishi linalotaja kozi kwa kozi inalingana na ipi kwao. Uliza pia ni krediti ngapi lazima zisomwe kwao. Wakisema 80, hesabu yako ya 60 imekufa, panga kwa 40.