Mrejesho: Mchumba wangu na mjadala wa dhamana ya fedha

Niliwauliza kama ni busara kufunga ndoa na mtu anayepinga vikali kufutwa kwa dhamana ya fedha taslimu hapa jimboni Illinois, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 18 Septemba 2023. Tumezungumza kwa kirefu, naye akanieleza kwamba anachohofia ni mshtakiwa wa ukatili wa nyumbani kuachiwa. Nikamjibu kwamba jaji bado anaweza kumweka mtu wa aina hiyo rumande baada ya kusikiliza pande zote, ilhali zamani mwenye fedha angelipa na kutoka. Msimamo wake haukubadilika, wala sikutarajia, lakini alikubali kwamba kumsotesha maskini mahabusu kwa kosa dogo ni dhuluma. Mipango ya ndoa inaendelea.