Zilipendwa ni tamu kweli, au ni sisi tuliozeeka?

Wakuu, habari za jioni. Naleta mada ya zilipendwa, nyimbo za dansi za zamani, naomba tuijadili bila matusi.

Jumapili iliyopita binti yangu wa miaka 15 alikuwa anaosha vyombo huku simu yake inalia singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar. Nikafoka, "Punguza hizo kelele, huo nao ni muziki?" Sijamaliza, nikaisikia sauti ya marehemu mzee wangu. Ndiyo maneno aliyonitolea mwaka 1996, nilipohamisha redio kutoka RTD, redio ya taifa, kwenda Radio One kutafuta rap. Yeye alikuwa anasubiri bendi yake ya Mlimani Park, yaani Sikinde. Mimi nikamwona mshamba.

Leo nina miaka 45 na kwenye gari nasikiliza dansi la zamani: Sikinde, Msondo na Marijani Rajab. Bongo Fleva naijua vizuri mpaka mwaka 2008 hivi. Za baada ya hapo nazisikia tu, hazinikai.

Rika langu tukikutana baa, hukumu ni moja: muziki umekufa. Hoja yangu mimi ni chemko. Wimbo wa dansi ulikuwa unakuchukua taratibu, waimbaji wanakusimulia kisa, magitaa ya solo na rithimu yanajibizana, kisha ghafla ngoma inachemka, tarumbeta zinaita, watu wanaacha bia mezani na kuingia uwanjani. Dakika saba, nane. Siku hizi nyimbo nyingi hazifiki hata tatu.

Lakini nina wasiwasi na hukumu yetu. Enzi zile kila shirika na bendi yake, na nyimbo mbovu zilikuwepo tele. RTD walikagua mashairi kabla ya kurekodi, halafu miaka 40 ya watangazaji ikaendelea kuchagua. Zilizotufikia ni punje zilizopepetwa. Za leo tunazipokea na pumba zake zote, kisha tunalinganisha. Hiyo si haki.

Kwa hiyo nauliza: ni masikio au ni umri? Mimi nasema sehemu kubwa ni umri. Ila chemko sitoi.

Wa Tandale: Shikamoo mzee. Nina 23. Mnapenda kusema "muziki wa wazee", lakini Mbaraka Mwinshehe, nguli wa dansi, alifariki Januari 1979 akiwa na miaka 34. Marijani naye aliondoka akiwa na miaka 40 hivi. Hao walikuwa vijana wanawapigia vijana wenzao, wazee wa wakati huo nao nadhani walinuna. Na hiyo chemko unayoililia ndiyo singeli yenyewe! Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, chemko tangu sekunde ya kwanza. Sisi tumeruka utangulizi tu.

Mama wa Tanga: Kwetu bibi alikuwa mtu wa Black Star na Lucky Star. Taarab ya kukaa kitini, ukiguswa na shairi unakwenda kutunza kwa adabu, unarudi. Miaka ya tisini ikaja rusha roho, taarab ya kucheza, vikundi vya TOT na Muungano wanarushiana mipasho, bibi akasema uhuni umeingia. Juzi kwenye harusi wasichana wanamwomba DJ mipasho ileile eti ni "taarab ya zamani, ya heshima." Nilicheka peke yangu.

Jingine ambalo wanaume hamlisemi. Redio ya nyumbani ilikuwa ya baba, na hata dansini wengi walikwenda baba, mama akabaki na watoto. Na hebu sikilizeni maneno: nyimbo ngapi za dansi zinamsema mwanamke, mara tamaa, mara kaharibiwa na mji, mara kamkimbia mume? Gitaa tamu, sikatai. Lakini mnapolia kwamba maadili yameondoka na muziki wenu, mniulize na mimi nilikuwa nasikia nini jikoni.

Mpiga besi mstaafu: Mleta mada, umezungumzia masikio ukasahau mshahara. NUTA, ndiyo hiyo Msondo yako, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park walikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar. Bima walikuwa na Bima Lee, UDA na UDA Jazz, JKT na Kimulimuli. Vyombo vya shirika, gari la shirika. Watu 15 au zaidi jukwaani, mpuliza saksafoni ana uhakika wa kula. Mashirika yalipoyumba, nani angewalipa? Mwenye ukumbi akaona disko ni mtu mmoja na mashine zake. Nimeyaona, nilirudishwa mlangoni na besi yangu begani. Kwa hiyo kijana anayetengeneza wimbo kwenye kompyuta chumbani kwake msimwite mvivu. Bendi ataipata wapi? Umri unaweza kueleza kwa nini hupendi. Hauelezi tarumbeta zimekwenda wapi.

Wa Mombasa: Huku sisi husema *zilizopendwa*, na ubishi ni uleule. Mleta mada, nina swali. Kama ni umri, ungeng'ang'ania rap yako ya 1996, muziki wa ujana wako. Mbona umeangukia Sikinde, muziki wa babako, uliokuwa ukiukimbia? Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake waliandika mwaka 2013 kwamba vijana waliowapima walikuwa na mapenzi ya pekee na nyimbo za ujana wa wazazi wao, hata zile zilizovuma wao hawajazaliwa. Zilikuwa zikichezwa nyumbani, zikaingia bila ruhusa. Wewe huna hamu ya tarumbeta, bwana. Una hamu ya mzee wako.

Mleta mada: Wa Mombasa, hapo umenigusa pabaya, nitarudi. Mama wa Tanga, nimenyamaza. Nimesikiliza tena kanda mbili za mzee kwa sikio lako na kuna mistari siwezi kumchezea binti yangu. Mzee wa besi, shikamoo, hilo la mshahara sikuliwaza kabisa.

Kijana wa Tandale, marahaba. Jana usiku nimemwekea binti yangu Sikinde. Akasikiliza kwa heshima, akanigeukia: "Baba, inaanza saa ngapi?" Nikamwambia subiri, bado dakika nne.