Umineko: Shannon na Kanon ni mwili mmoja, ni wawili, au ni Rosa anayechezesha wote? Tulinganishe nadharia

KeteNyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, tahadhari: uzi huu unamwaga siri zote hadi Sehemu ya 8. Kama bado uko kwenye zile Sehemu nne za kwanza, za maswali, funga ukurasa urudi ukimaliza.

Umineko no Naku Koro ni, riwaya ya kompyuta ya mafumbo ya mauaji kwenye kisiwa cha Rokkenjima, ya kundi la Kijapani 07th Expansion, ilitoka vipande (Sehemu) vinane, Agosti 2007 hadi Desemba 2010, kimoja kila Comiket (maonyesho ya kazi za mashabiki huko Japani). Kati ya kipande na kipande wasomaji walikuwa na karibu nusu mwaka wa kubishana, ndiyo maana nadharia ni nyingi kuliko maiti. Naziweka tatu mezani:

A. Watumishi Shannon na Kanon ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na Beatrice, mchawi wa kisiwa, ni jina lake la tatu.
B. Ni watu wawili kweli, wanashirikiana na watumishi wenzao Genji na Kumasawa, pamoja na Dk. Nanjo.
C. Rosa, mmoja wa ndugu wa familia yenye kisiwa, ndiye muuaji, na watumishi wanatumika tu.

Naomba tuzipime kwa mambo matatu: hesabu ya watu kisiwani, vyumba vilivyofungwa kwa ndani, na mapenzi. Nadharia inayofaulu mawili ikaanguka la tatu, nahesabu imeanguka.

Binti_Baharini

Kwenye hesabu wengi wanateleza kwa sababu wanasoma ukweli mwekundu (kauli za maandishi mekundu ambazo ndani ya mchezo ni kweli daima) harakaharaka. Sehemu ya 4 inasema Kinzo, mkuu wa familia, alishakufa kabla ya kila mchezo (yaani kila Sehemu) kuanza, na kwamba watu kisiwani HAWAZIDI 17. Hicho ni kikomo cha juu. Haijasema wako 17.

Sasa orodhesha majina: Krauss, Natsuhi, Jessica, Eva, Hideyoshi, George, Rudolf, Kyrie, Battler, Rosa, Maria. Hao 11. Ongeza Genji, Shannon, Kanon, Kumasawa, Gohda, wanakuwa 16. Nanjo wa 17. Halafu Sehemu ya 6 Erika, mpelelezi mgeni, anajitangaza kuwa mtu wa 18, anajibiwa kwa wekundu kwamba hata akiongezwa yeye, wako 17. Toa Erika, zinabaki roho 16 kwa majina 17. Jina moja halina mwili wake.

A inapita bila kutoka jasho. B na C lazima zimtafute mtu mwingine wa kufuta, na sijaona jina linaloziba pengo hilo bila kutoboa kwingine.

mpinzani_wa_A

Dada, kuna upenyo. Erika alianguka baharini, na kuna kila dalili kwamba nje ya ubao wa mchezo, yaani nje ya hadithi zenyewe, alishazama. Ukisema yeye ni kete tu, si mtu wa kuhesabiwa, basi 17 wanabaki 17 na Kanon ana mwili wake. B inapona.

Binti_Baharini

Inapona siku moja tu. Jibu lenyewe linamjumlisha Erika waziwazi, na kila aliye kwenye ubao ni kete. Ukimfuta Erika kwa kuwa ni kete, mfute na Battler, mhusika mkuu.

Fundi_wa_Vyumba

Mimi nije kwenye vyumba, maana hapo ndipo B inapovunjika mgongo.

Chukua Sehemu ya 3. Vyumba sita, ndani ya kila kimoja kuna ufunguo wa kinachofuata, na ndani ya cha mwisho kuna ufunguo wa cha kwanza. Kila mtumishi aliyekufa ana ufunguo wake mkuu mwilini, kwa hiyo funguo zote zimefungiwa ndani. Angalia nani kawekwa wapi: Shannon yuko sebuleni, chumba cha kwanza kufunguliwa. Kanon yuko kanisani, cha mwisho. Hiyo si bahati. Kwa A, mtu mmoja analala sebuleni kama maiti ya Shannon, wakaguzi wakiondoka kuelekea vyumba vya kati anatoka na ufunguo, anakimbilia kanisani, anajifungia, analala tena kama Kanon. Kinachohitajika ni daktari wa kusema „amekufa”, na kisiwa kizima kina daktari mmoja. Ukimgeuza Nanjo, umemaliza kazi.

B ikijaribu mtego huohuo inahitaji mmoja wao abaki hai, lakini wekundu unasema wote sita wamekufa. Hapo B haina pa kushika. Na kifo cha Nanjo mwishoni mwa Sehemu hiyo ndiyo msumari: waliobaki hai ni Eva, Battler na Jessica, na wote watatu wanasafishwa kwa wekundu. Kama Shannon na Kanon ni miili miwili na yote miwili imekufa, Nanjo kauawa na nani? Kwa A, kilichokufa ni majina. Mwenye mwili yuko hai anatembea kwa jina la tatu.

mpinzani_wa_A

Huo ndio uhuni wenyewe ninaoulalamikia. Ukiruhusu „kufa” kuwa na maana ya kuacha kutumia jina, wekundu mzima unakuwa mpira wa kuvutwa. Kesho nitakwambia Gohda naye kaacha jina.

Fundi_wa_Vyumba

Ungekuwa na haki kama mwandishi hakuweka breki. Breki ni chumba cha wageni cha Sehemu ya 6. Battler kanaswa ndani, mnyororo umefungwa. Kanon ndiye mwokozi, imesemwa kwa wekundu. Battler akishatoka, mnyororo unarudishiwa kutoka ndani, kwa hiyo mwokozi kabaki humo. Erika anapekua, na wekundu unasema Kanon hayumo. Njia iliyobaki ni kwamba aliyemo si Kanon tena. Na angalia kimewekwa baada ya nini: baada ya jaribio la mapenzi, Kanon alipopigana na Shannon akashindwa. Jina linakufa pale tu moyo uliolibeba unaposhindwa. Gohda hana pambano kama hilo.

Shangazi Rosa

Naona C mnaipita kama mgeni asiyealikwa, nami ndiye mwenyeji wake.

Kanisa la Sehemu ya 2. Watu wazima sita wanakutwa wamekufa ndani, mlango umefungwa, na ufunguo uko kwenye bahasha mkobani mwa Maria. Nani anaweza kufungua mkoba wa mtoto wa miaka 9 usiku bila kuulizwa? Mama yake. Asubuhi nani anaifungua bahasha? Mama yake. Halafu siku nzima bunduki iko mikononi mwa nani? Na Rosa ndiye aliyekutana na Beatrice wa Kuwadorian, jumba lililofichwa kisiwani, mwaka 1967 akamwona anaanguka mwambani, kwa hiyo hofu ya mchawi anaijua kuliko ndugu zake.

KeteNyeusi

Shangazi, kwa Sehemu ya 2 nakubali nusu. Hata A inamhitaji Rosa awe amenunuliwa asubuhi ile, la sivyo kanisa haliingiliki. Lakini Sehemu ya 1 Rosa yumo kwenye sita wa kwanza kuuawa, ghalani, na Sehemu ya 3 anakufa mapema na Maria bustanini. Mauaji yanaendelea bila yeye. Utalazimika kubadilisha muuaji kila Sehemu, na kuna dhahabu tani 10 ya kuhonga nayo, kwa hiyo mshirika ni rahisi kupatikana kuliko muuaji.

Shangazi Rosa

Haya, nishushie cheo: mshirika wa Sehemu ya 2. Ila ghala la Sehemu ya 1 msilitaje kwa kujiamini hivyo. Kwa Shannon, Hideyoshi ndiye aliyeona, akamzuia George asitazame, akamwambia habari ya pete. Battler, ambaye macho yake ndiyo ya mpelelezi Sehemu zile nne, hakuuona uso wake.

Kasuku_Msomaji

Mnaotaka kuhakiki wenyewe, chora safu nne: tukio, anayesimulia, nani aliona kwa macho yake, na wekundu uliotolewa. Sehemu ya 1 hadi ya 4 amini macho ya Battler tu. Sehemu ya 5 amini ya Erika. Sehemu ya 6 hapana, maana humo hakutangaza haki ya mpelelezi (inayohakikisha anachokiona ni kweli na kwamba yeye si muuaji), na ndiyo sababu aliweza kuua. Kosa kubwa ni kuweka mandhari ambazo Battler hayupo kwenye safu ya tatu. Ukisafisha hilo, tafuta mstari mmoja ambao mpelelezi anawaona Shannon na Kanon pamoja. Tutakusubiri.

Binti_Baharini

Limebaki la mapenzi, na kwangu ndilo zito. George anampa Shannon pete. Jessica anampeleka Kanon kwenye tamasha la shule, naye anamkataa kwa kusema yeye ni fanicha, yaani kitu cha kutumika, si mtu kamili. Beatrice anamsumbua Battler kwa dhambi ya miaka sita iliyopita, yaani 1980, alipoondoka nyumbani baada ya kumwahidi Shannon kwamba atarudi na farasi mweupe. Kwa B hizo ni hadithi tatu zisizojuana. Kwa A ni mtu mmoja aliyesubiri, akachoka, akapendwa na wengine wawili, kisha aliyemsubiri akarudi mwaka uleule ambao George ana pete mfukoni. Sababu ya mauaji inatoka humo bila kulazimishwa.

pwani_otaku

Kwa hiyo anampenda nani hasa? Shannon kashinda jaribio, basi George?

Binti_Baharini

Sikubali. Ushindi ule unaonyesha tu kwamba mwili mmoja haubebi ndoa tatu. Aliyemaliza Sehemu ya 8 na Beatrice ndani ya mashua ni Battler, si George.

mpinzani_wa_A

Na Kyrie na Rudolf wa karamu ya chai (tukio la nyongeza) ya Sehemu ya 7? Wale wameua kwa bunduki waziwazi, hawakuhitaji majina matatu.

Fundi_wa_Vyumba

Mkuu, hilo ni swali jingine. Karamu ile inadai kueleza kilichotokea kweli Rokkenjima Oktoba 1986. Vyumba tunavyovipima hapa ni vya hadithi za kwenye ubao, na mwandishi wa hadithi anaweza kuwa mtu mwingine kabisa na muuaji wa siku ile. Fungua uzi wake, nitakuja na hesabu ya tani 900 za baruti zilizokuwa chini ya kisiwa.