C imejaa hadi nyekundu, D iko tupu: nihamishe nini, niache nini?

Mgeni_wa_Kibodi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na mnieleze taratibu, maana kompyuta natumia kila siku lakini mambo ya ndani yananipiga chenga.

Laptopu yangu ni ya Windows. Nikifungua "This PC" naona diski mbili. C ina GB 118, zimebaki GB 3 tu na kale kamstari kamekuwa kekundu. D ina GB 347 na haina kitu kabisa.

Nimejaribu kujiongeza. Nimeburuta folda kubwa ya picha kutoka desktopu nikaitupia D. Picha zimefika, nimezifungua, ziko sawa. Lakini C iko palepale! Nikafuta video nyingi tu, bado palepale.

Sasa: (1) kwa nini C haipungui? (2) naweza kuhamishia D folda zote za C, zikiwemo Windows na Program Files? (3) nikiweka nakala za kazi zangu D, C ikifa nitakuwa salama? Natanguliza shukrani.

TupaTupa

Piga fomati yote uanze upya mkuu. Dawa ya moto.

Fundi_Kimya

TupaTupa, mwenzio anaomba ushauri wewe unamletea petroli.

Mkuu, swali la pili ndilo la hatari, naanza nalo. Folda za Windows na Program Files usiziguse. Programu ikiwekwa kwenye kompyuta haikai kwenye folda moja tu. Inaandikisha anwani yake sehemu nyingi za mfumo: niko C, kwenye Program Files, kwenye folda fulani. Ukiikata na kuibandika D, mfumo utaendelea kuitafuta kule kwa zamani na hautaikuta. Programu ukitaka ikae D, iondoe kwanza kwa utaratibu wake, halafu iweke upya na uchague D wakati wa kuiweka. Baadhi hazikupi hata nafasi ya kuchagua.

Vya kuhamisha ni vile ulivyovitengeneza au kuvipakua mwenyewe: picha, video, nyaraka, muziki. Hivyo havijali vinakaa wapi.

BintiKodi

La kwanza nalijibu mimi. Hapo kuna mambo mawili.

Moja, kuburuta. Ukiburuta faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, Windows inalihamisha. Ukiliburuta kwenda diski nyingine, inalinakili, na la mwanzo linabaki lilipokuwa. Kwa hiyo picha zako sasa ziko C na D. Rudi desktopu uangalie, folda bado ipo.

Sababu yake ni kwamba ndani ya diski moja data haisogei hata kidogo. Kinachobadilika ni kumbukumbu tu kwamba faili hili sasa ni la folda ile. Ndiyo maana sinema ya GB 4 ukiitoa Downloads kuipeleka Videos, zote zikiwa C, inafika kufumba na kufumbua. Ipeleke D uone: unakaa unatazama mstari wa kijani unavyojikokota, kwa sababu sasa kila baiti inaandikwa upya. Ukitaka kuhamisha kweli, shikilia kitufe cha Shift unapoburuta, au tumia Ctrl+X kisha Ctrl+V.

Mbili, hizo video. Ulizifuta, zikaingia Recycle Bin, na Recycle Bin inahesabiwa kwenye diski ileile zilipotoka. Mpaka uimwage, hakuna nafasi iliyorudi. Lakini chungulia ndani kwanza kabla ya kumwaga. Na kumbuka, vya kwenye flashi ukivifuta kwa kawaida havipiti huko, vinakwenda moja kwa moja.

Mgeni_wa_Kibodi

Dah! Kweli folda bado iko desktopu. Lakini mbona mnasema iko C? Mimi sikuiweka C, niliiweka desktopu.

BintiKodi

Desktopu nayo ni folda. Iko C, ndani ya Users, ndani ya folda yenye jina lako. Fungua folda hiyo ya picha, bofya sehemu tupu ya ule mstari wa juu unaoonyesha ulipo, na maandishi yatageuka kuwa anwani kamili, kitu kama C:\Users\jina lako\Desktop\Picha. Isome kutoka kushoto: diski, folda, folda ya ndani yake, mpaka mwisho. Ukizoea kusoma huo mstari, maswali mengi ya "faili langu limekwenda wapi" yanakwisha.

Mzee_wa_Disketi

Vijana hamjiulizi kwa nini hesabu inaanzia C? A na B zilikuwa za disketi, zile diski bapa za kuchomeka na kuchomoa. Kompyuta ya IBM PC ya 1981 ilitegemea disketi. Ilipokuja PC XT mwaka 1983 ikiwa na diski ngumu ndani yake, herufi iliyofuata ikawa C, na C ikabaki mpaka leo disketi zenyewe hazipo. Diski hiyo ilikuwa na MB 10. Picha chache za simu zenu zinaijaza.

Fundi_Kimya

Shikamoo mzee.

Mkuu, turudi swali lako la tatu, hapo ndipo wengi wanapoumia. Jumlisha 118 na 347. Unapata 465. Na diski inayouzwa kwa jina la GB 500, Windows inaionyesha kama 465, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa. Kwa hiyo nahisi hizo si diski mbili, ni moja iliyogawanywa.

Sakafu_ya_Data

Sikubaliani moja kwa moja. 118 ndiyo namba unayoiona pia kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 128 ikishatoa vipande vidogo vya mfumo. Laptopu nyingi zina SSD ya C na diski ngumu ya D. Tusikisie. Mgeni, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", utuambie upande wa kushoto pameandikwaje kwenye Disk.

Mgeni_wa_Kibodi

Pameandikwa Disk 0 (C: D:). Iko moja tu.

Sakafu_ya_Data

Basi Fundi kashinda. Zingekuwa mbili ungeona Disk 0 na Disk 1, kila moja na herufi yake.

Maana yake kwako: C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Windows ikiharibika ukalazimika kuiweka upya kwenye C, vya D vinaweza kubaki salama, mradi anayeiweka asifute vipande vyote. Lakini diski yenyewe ikifa, au laptopu ikiibiwa, vyote vinakwenda pamoja. Kwa hiyo D itumie kupunguza mzigo wa C, usiiite nakala ya akiba. Nakala ya akiba iwe kwenye diski ya nje unayoichomoa na kuiweka mbali, au mtandaoni.

Zuhura_Excel

Nadandia uzi kidogo. Mimi kuna programu nilinakili ikoni yake kwenye flashi, kwenye kompyuta nyingine inakataa kufunguka. Kwa nini?

BintiKodi

Dada, angalia kona ya chini kushoto ya hiyo ikoni. Ina kimshale? Hiyo ni njia ya mkato, faili dogo sana linalosema tu kitu chenyewe kiko wapi. Ulibeba kibao cha barabarani, mji ukauacha.

Mgeni_wa_Kibodi

Nimefuta zile picha za desktopu baada ya kuhakikisha za D zinafunguka, nikamwaga Recycle Bin. C sasa imebaki na GB 41! Swali la mwisho: nifanyeje vitu vipya viwe vinakwenda D vyenyewe?

Fundi_Kimya

Tengeneza kwanza folda ndani ya D, tuseme D:\Pakuzi. Kisha bofya folda ya Downloads kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", ingia "Location", bonyeza "Move", chagua ile folda mpya. Itakuuliza kama ihamishe na vilivyomo, kubali. Rudia kwa Pictures na Videos, kila moja na folda yake. Usichague D yenyewe tupu bila folda, wala usizielekeze mbili kwenye folda moja. Zitachanganyika na kuzirudisha ni kazi.