Madoa meupe yameenea tangi zima: nianze na joto, chumvi au dawa?

Pezi_Refu
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Tangi lina urefu wa sentimita 80 na upana wa 35, maji yana kimo cha sentimita 40, joto nyuzi 25. Ndani kuna samaki aina ya neon tetra 12, Corydoras (kambare wadogo wa chini) 5, gapi kadhaa, konokono na mimea. Gapi wapya waliingia wiki iliyopita. Sasa kuna madoa meupe kama punje za chumvi mgongoni na kwenye mapezi, neon wanajisugua kwenye mawe, na gapi mmoja anahema karibu na uso wa maji. Amonia 0, nitriti 0 (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki). Niwatenge waliozidiwa? Na nianze na kipi?

Kina_cha_Maji
Usimtoe samaki yeyote. Vimelea vimeshasambaa kwenye changarawe na majani, kwa hiyo kuwahamisha wagonjwa ni kuwachosha bure. Anayetibiwa hapa ni tangi.

Dalili zinaelekea Ichthyophthirius multifiliis, kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe. Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na dawa za kutia majini hazikifikii huko. Kikishakomaa hudondoka, hujibandika kwenye changarawe, hujifunika ganda na kujigawa hadi kutoa mamia ya vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Vichanga hivyo ndivyo tunavyoviua. Visipopata samaki ndani ya siku moja au mbili vinakufa vyenyewe. Ndiyo maana madoa yanaweza hata kuongezeka siku za mwanzo za tiba. Usishtuke ukaongeza dozi.

Tangi lako: 80 × 35 × 40 ÷ 1000 ni lita 112. Ondoa changarawe na mawe, hesabu lita 100. Chumvi gramu 2 kwa lita, yaani gramu 200, ipimwe kwa mizani, vijiko hudanganya. Iwe chumvi tupu isiyo na viungo wala kemikali za kuzuia kuganda. Igawe mafungu matatu, uyatie kwa muda wa saa 36. Kila fungu liyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha limimine taratibu panapotoka maji ya filta. Usimwage punje chini: Corydoras hulala hapo na zitawaunguza.

Washa pampu ya hewa kabla ya kugusa hita, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Halafu pandisha nyuzi 1 kila baada ya saa 6 mpaka 30. Katika joto hilo mzunguko wa kimelea huenda haraka, na aina nyingi hushindwa kuzaana. Hakikisha kwa kipimajoto, usitegemee namba za kwenye hita.

Matamvua
Kabla ya kupandisha joto, zima taa ya tangi ummulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Doa la ugonjwa huu lina mpaka wazi, limeinuka kidogo, na halizidi milimita 1. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu, hicho ni kimelea kingine. Ukiona mabaka ya kijivu yenye kingo za pamba, hasa mdomoni au yaliyokaa mgongoni kama tandiko, shuku bakteria Flavobacterium columnare. Huyo joto humchochea na samaki hufa haraka. Kuchanganya magonjwa haya ni kosa kubwa kuliko kuchelewa nusu siku.

Gapi anayehema ameshashambuliwa kwenye matamvua, hata kama ngozini ana madoa machache. Kwake hewa ni muhimu kuliko chochote.

Tena, Corydoras hawafanani. C. paleatus ni wa maji ya baridi, nyuzi 30 zitamuumiza. Kama ndiye uliye naye, ishia 27 na utumie dawa.

Filta_Mbili
Ukichagua dawa ya malakiti ya kijani na formalini, toa mkaa kwenye filta na uzime taa ya UV, la sivyo vitaiondoa dawa. Tetra na Corydoras huumia upesi, kwa hiyo wengi huanza na nusu ya dozi ya kwenye chupa. Usiichanganye na chumvi pamoja na nyuzi 30 kwa mpigo: formalini nayo hupunguza oksijeni. Kukiwa na mashapo meupe chini ya chupa, usiitumie, maana formalini imegeuka kuwa sumu kali zaidi kwa samaki. Vaa glavu, fungua madirisha, na ujue silikoni ya tangi inaweza kubaki na rangi. Dawa za shaba usiziguse maadamu konokono wamo.

Pezi_Refu
Nimemulika: madoa yana mipaka, hakuna pamba. Corydoras ni C. sterbai. Naenda na chumvi na joto. Madoa yakiisha siku ya nne au ya tano naacha?

Kina_cha_Maji
Hapana. Ngozi kuwa safi maana yake vimedondoka, huenda sasa vinajigawa chini. Endelea mpaka siku 14 zitimie. Sterbai huvumilia joto, lakini akianza kupanda juu kuvuta hewa mara kwa mara, shusha hadi 28.

Kila baada ya siku mbili fyonza changarawe kwa mpira, utoe lita 25. Hapo unatoa na maganda yaliyojibandika. Maji mapya yawe yameondolewa klorini, yawe na joto lilelile na chumvi gramu 50. Yaliyopungua kwa mvuke yajaze kwa maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Ndoo, wavu na mpira wa tangi hili visiende kwenye tangi lingine kabla ya kukauka kabisa.