Muda wa saa tatu mjini Cologne: tupande mnara wa Kanisa Kuu au tubaki chini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Bonn, Ujerumani, kikazi, nikiwa nimefuatana na mama yangu, ambaye jina la Cologne amelizoea tangu enzi ambapo Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilikuwa ikitangaza kutoka mji huo. Tutapata saa tatu tu za kulizuru Kanisa Kuu. Mimi natamani kupanda mnara, lakini mama anasumbuliwa na magoti. Tuanzie wapi, na tuzingatie taratibu gani?

Jibu la 1
Ndugu, mama asijaribu kabisa. Ngazi ni 533, hakuna lifti, na sehemu kubwa ya njia ni ya kuzunguka kama konokono, nyembamba kiasi kwamba anayepanda hulazimika kujibana ukutani ili anayeshuka apite. Wewe panda, kwani njiani utaiona kengele ya Mtakatifu Petro, iliyosubuliwa mwaka 1923 na yenye uzito wa tani 24 hivi. Mabegi makubwa hayaruhusiwi kanisani, kwa hiyo yaacheni stesheni, ambayo iko hatua chache tu kutoka mlangoni. Wakati wa misa watalii hawazunguki ndani, na mwanamume huvua kofia.

Jibu la 2
Mimi, kwa saa tatu, nisingepanda, kwa sababu aliye juu ya mnara huona mji wote isipokuwa kanisa lenyewe. Anzeni upande wa altare kuu, uliotabarukiwa mwaka 1322. Ujenzi ulianza 1248, ukasimama katika karne ya 16, na winchi ya mbao ikaachwa juu ya mnara wa kusini kwa zaidi ya miaka 300, mfano wa jembe lililosahauliwa shambani, hadi kazi ilipoanza upya mwaka 1842 na kukamilika 1880. Nyuma ya altare kuna sanduku la dhahabu ambalo, kwa mapokeo, limehifadhi masalia ya Mamajusi. Kisha mketisheni mama karibu na dirisha la kusini, kazi ya mchoraji Mjerumani Gerhard Richter ya mwaka 2007, lenye vioo 11,263 vya mraba katika rangi 72. Jua likiwaka mchana, rangi hizo humwagika sakafuni na juu ya viatu vya wapitao.

Jibu la 3
Naongeza moja tu: vukeni daraja la reli hadi Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Ni kutoka huko ambako minara yote miwili, yenye urefu wa mita 157, huonekana kwa ukamilifu, na mawe mapya yaliyotiwa viraka hujitofautisha na yale yaliyofanywa meusi na moshi.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote, naye amesema nipande peke yangu, nitamkuta dirishani. Deutz tutakwenda kwa treni.